Mpeni zamu ya maji: jibu kwa anayempokea mwanafunzi Mwingereza

Mleta mada, umesema nyumbani kwenu Nyegezi, Mwanza, mtampokea binti Mwingereza anayekuja kusoma muhula mmoja, unaogopa atajifungia chumbani alie, na umeuliza pia kama mmruhusu kuogelea ziwani. Mwaka 2017 niliishi na mwanafunzi wa kutoka Leeds katika nyumba ya kupanga kule Malimbe. Tulikuwa wasichana wanne, maji ya bomba leo yapo kesho hayapo. Nakueleza yaliyotukuta.

Wiki tano za mwanzo alikuwa mpweke sana, na wala hakuna aliyemnyima wema. Ndiyo maana tulichelewa kuona tatizo. Tulimpa kitanda cha dirishani. Akishika sufuria aoshe, tunamnyang'anya. Akibeba ndoo, "Acha bwana, wewe mgeni." Chuoni watu walimsalimia, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Wenye methali yao walisema siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilificha hadi wiki ya sita.

Muelewe alikotoka. Kwao mwanzo wa mwaka wa masomo kuna wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Vyama vya wanafunzi vinapanga meza, vya mpira, vya maigizo, vya kupanda milima, wewe unaandika jina na tayari una watu wa kukutana nao. Jioni wengi wanakwenda baa, na asiyekunywa pombe anaagiza soda, kwa sababu baa kwao ni kama sebule ya mtaa. Alipofika aliniuliza meza za kujiandikisha ziko wapi. Nilikosa la kumjibu. Kwetu marafiki unawakuta kwenye kwaya, kwenye diskasheni, kwenye foleni ya maji, na hakuna anayeandika jina. Basi akamwalika baa mwenzetu mmoja mlokole. Yule dada akamwona ni mtu wa anasa, akaanza kumkwepa. Ilibidi niwakalishe wote wawili niwaeleweshe.

Halafu lugha. Watu watakwambia chuo kinafundisha kwa Kiingereza, hatapata shida. Si kweli kabisa. Mhadhiri hajafika hata mlangoni, darasa zima limesharudi kwenye Kiswahili. Kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, ni Kiswahili, na wakikutana wawili wa Magu ni Kisukuma. Masomo aliyaelewa yote, ila watu hakuwaelewa. Kilichomuumiza zaidi ni kicheko: wote tunacheka, yeye anatabasamu tu. Mchagueni mtu mmoja awe anamnong'oneza maana palepale, hata kama utani utapoa. Na ile "hujambo, sijambo" aliyosoma kitabuni haimfikishi mbali na vijana wenzake. Mfundisheni "mambo vipi" na "poa", na kwa wakubwa "shikamoo". Akiweza kumwambia bibi wa jirani "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, mtaa mzima utajua jina lake kabla ya jioni.

Kuna mambo madogo yaliyotugombanisha bila mtu kukusudia. Tukiwa tunakula tukamwambia karibu, anajibu "hapana, asante", anapita. Tukamwona anaringa. Yeye alikuwa anaonyesha adabu, maana kwao kudokoa chakula ambacho mtu amejipakulia ni kumpunja. Mwambieni anawe, amege hata tonge moja. Siku nyingine alijikwaa kwenye jiwe nikamwambia pole, akanijibu si kosa langu! Neno analolijua yeye la kutoa pole ndilo hilohilo la kuomba radhi. Diskasheni ya saa nane mchana alikuja saa mbili usiku, maana kwa saa za kwao nane ndiyo hiyo. Na mlango. Kwao mlango ukifungwa maana yake mtu anasoma au anapumzika. Sisi tulidhani amenuna. Tukakubaliana kwamba kitenge kikining'inia mlangoni, aachwe saa nzima. Hilo mheshimuni, msilione ni huzuni.

Kilichombadilisha ni maji. Wiki ya sita bomba lilikauka, sisi wengine tuko darasani, akabeba ndoo mwenyewe hadi kisimani kwa jirani. Akina mama wa foleni walimviringishia kata ya kitenge wakamtwisha. Alirudi amelowa, ndoo nusu, amejaa stori kuliko siku zote nilizomjua. Kuanzia jioni ile tulimwingiza kwenye zamu: maji, kupika, kufagia uwanja. Wale mama wakaanza kumgongea hodi wenyewe.

Baadaye mwenzetu wa darasani alifiwa na baba yake huko Sengerema. CR, yaani kiongozi wa darasa, alipoandika orodha ya michango, jina la Mwingereza aliliruka kwa kumhurumia. Akakasirika, na mimi nilifurahi alivyokasirika. Akachangia sawa na wengine, akavuka nasi kwa kivuko cha Kamanga, maana daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado. Msibani alikaa mkekani na akina mama akachambua mchele. Yule mfiwa, ambaye kabla ya hapo hawakuwa wamezungumza hata mara tano, ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege muhula ulipoisha.

Kuhusu kuogelea: hapana. Najua akiona maji na mawe ya Luchelele atatamani, na watoto atawaona humo, lakini kichocho kipo. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi hata isiyo na kidonda, na dalili zinaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa, pengine akiwa amesharudi kwao ambako daktari hatawaza ugonjwa huo haraka. Kama ameshaingia, awaambie wa hospitali waziwazi kwamba aliogelea Ziwa Victoria. Kipimo kipo, na dawa yake ipo. Mpelekeni kisiwa cha Saanane kwa boti akatazame ziwa akiwa mkavu, na soko la samaki la Mwaloni asubuhi wakati sato na dagaa wanashushwa. Mpeni na kikapu abebe.