Sokoban: kasha hufa kabla hujajua

Anayeirudia Sokoban baada ya miaka mingi hurudi na kosa lile lile la utotoni: kusukuma kwanza, kufikiri baadaye. Mchezo huu wa kompyuta ulibuniwa na Hiroyuki Imabayashi wa Japani mwaka 1981, na kampuni yake, Thinking Rabbit, ikautoa mwaka uliofuata. Jina lake maana yake ni mtunza bohari, ingawa kazi yenyewe ni ya kuli wa Kilindini: sukuma makasha mpaka kila moja likae juu ya alama. Unasukuma moja moja, na huwezi kuvuta. Ugumu wote umo katika huko kutoweza kuvuta.

Pale unapokwama sipo ulipoharibu. Uliharibu pengine hatua thelathini nyuma, kasha lilipoingia mraba uliokufa, yaani ule ambao kasha likiufikia haliwezi tena kupelekwa kwenye alama. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu, itafute miraba hiyo. Pembe isiyo na alama imekufa, hilo kila mtu analijua. Ukuta ndio unaowaponza watu. Kasha likishaegemea ukuta ulionyooka kutoka pembe hadi pembe, litakwenda kando ya ukuta huo tu, halibanduki tena. Kama hakuna alama kando yake, safu nzima imekufa, lakini kasha bado linasogea, nawe unadhani liko hai. Makasha nayo huuana: manne yakijipanga mawili kwa mawili, hakuna linalotoka. Mawili yaliyobanana ubavu kwa ubavu ukutani ni vivyo hivyo. Mkao huo unafaa tu ikiwa yote yako juu ya alama.

Chukua ngazi ya kwanza, ile ya makasha sita ambayo wengi hawakuwahi kuivuka. Kasha la kushoto kabisa limeegemea ukuta ulio chini yake, na pembe iko mraba mmoja tu kushoto kwake. Ukilisukuma kutoka kulia, hata mara moja, anza upya. Zunguka kwa juu, ulishike kutoka kushoto, ulipeleke kwenye ujia mrefu unaoelekea chumba cha alama. Mlango wa chumba uko safu ya katikati, na hapo ndipo pa kuhesabu. Ukilisimamisha kasha kwenye mraba wa kwanza ndani ya chumba, limeziba mlango nawe uko nje. Lisukume mraba mmoja zaidi. Sasa unaweza kulizunguka, ukashuka chini yake na kulipandisha safu ya juu, au ukapita juu yake na kulishusha, kisha ukalisukuma kulia hadi ukutani. Jaza alama za mbali kwanza, za karibu na mlango mwisho. Ni kama mkokoteni katika vichochoro vya Mji wa Kale: kabla ya kuuingiza, jua utaugeuzia wapi. Ngazi hii inamalizika kwa misukumo 97. Ukiimaliza kwa 150 si aibu.

Ngazi ngumu zitatuliwe kinyumenyume. Chora ramani kwenye daftari la hesabu lenye miraba, weka vizibo vya soda juu ya alama zote kana kwamba umeshashinda, kisha vivute kimoja kimoja kurudi yalikoanzia makasha. Kuvuta hakukwamishi kama kusukuma, na kizibo unachoweza kukitoa mwanzo ndicho kasha la kuingia mwisho. Wachezaji wa bao wataizoea njia hii upesi, kwani wao huhesabu komwe kabla mkono haujagusa shimo.

Kuhusu mashine: Sokoban ya zamani ni programu ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows, na Windows ya biti 64 haifungui programu za DOS. Weka DOSBox, programu ya bure inayoiga DOS. Nakili faili za mchezo kwenye folda, tuseme C:\mchezo, kisha andika mount c c:\mchezo, halafu c:, halafu jina la faili la mchezo. Picha zikienda kasi mno, Ctrl+F11 hupunguza mwendo na Ctrl+F12 huongeza. Kitufe cha mshale kibonyeze na kukiachia, usikishikilie, maana msukumo mmoja wa ziada unatosha kuua kasha.

Kama bado una disketi ya zamani, isogeze ile bati yake na uangalie sahani nyeusi iliyo ndani kabla ya kuitia kwenye kisomaji. Unyevu wa Pwani huotesha koga, na disketi yenye madoa meupe huchafua kichwa cha kusomea, ikakuharibia na zilizo nzima. Si lazima uhangaike nayo, kwa kweli. JSoko na Sokoban YASC, programu za kisasa za kuchezea Sokoban, ni za bure, zinasoma ngazi zilizoandikwa kama maandishi ya kawaida (# ni ukuta, $ ni kasha, nukta ni alama, @ ni wewe), na zinakuruhusu kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Usianze na ngazi 90 za XSokoban, toleo jingine la mchezo huu. Anza na Microban, mkusanyiko wa ngazi wa David W. Skinner: ngazi 155, nyingi zikiwa ndogo sana, na karibu kila moja inafundisha mtego mmoja. Ukikwama, rudi nyuma hatua moja moja mpaka uuone msukumo ulioua kasha, ndipo uanze upya.