Maswali na majibu: Karatasi ya wapiga kelele

Barua za wiki hii zimejaa viranja. Bila shaka shule zimefunguliwa.

Mwanangu wa darasa la sita amechaguliwa kiranja wa darasa. Wenzake wanamwita mnoko na analia kila jioni. Nimwambie ajiuzulu? (Mama, Tabata)

Asijiuzulu, ila wenzake nao hawajakosea sana. Uliza amepewa kazi gani. Nina hakika utaambiwa: kusimama mbele na karatasi ya wapiga kelele mwalimu akitoka, na akirudi waliotajwa wanakula fimbo. Nami nilipokuwa nafundisha niliwaandikisha watoto karatasi hizo, kwa hiyo nazijua. Jina la rafiki halimo. La yule aliyemnyima andazi limo, na pembeni limeandikwa "mara 5". Mtoto wa miaka kumi na miwili akifanya hivyo muhula mzima, anachojifunza ni kuchongea.

Mwone mwalimu wa darasa ambadilishie kazi. Agawe vitabu na kuvikusanya, apange zamu za kudeki, ajue nani hajaja siku tatu na anaumwa nini. Na ukisikia kiranja amekabidhiwa fimbo, nenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Waraka wa elimu Na. 24 wa mwaka 2002, hapa Tanzania, unamruhusu kuchapa mkuu wa shule tu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mtoto hamchapi mtoto mwenzake.

Mwanangu hana kipaji cha uongozi. Nifanyeje? (Mzazi)

Ana miaka mingapi? Wa kike au wa kiume? Nyumbani anafanya nini? Swali hili huja kila mwezi likiwa tupu hivihivi. Mtume sokoni na hela na orodha, arudi na chenji, nawe usimpigie simu njiani.

Nina wanafunzi 78 wa kidato cha kwanza. Nikitoa kazi ya kundi, mmoja anaandika, wengine wanaweka majina. (Mwalimu, Kondoa)

Wanaweka majina kwa sababu unasahihisha karatasi. Fanya hivi: makundi ya watano, si kumi na wawili kama wengi mnavyopanga kwa kukwepa kusahihisha. Kila mmoja awe na kazi inayotajika, yaani mwenyekiti, katibu, mtunza muda, msemaji, na wa tano wa kuuliza "una uhakika?". Kazi zihame kila wiki. Kisha, siku ya kuwasilisha, mnyooshee kidole yeyote kundini aeleze walifikaje hapo. Akishindwa, kundi zima linakosa alama. Wiki ya kwanza watanuna. Ya tatu utamkuta katibu anamfundisha aliyekuwa analala.

Usiwaache wajipange wenyewe, la sivyo utapata kundi la wanaokaa mbele na kundi la kina "sisi hatujui". Na tazama ukatibu unaangukia kwa nani. Kama ni msichana kila mara, kwa sababu "ana mwandiko mzuri", umempata karani wa kundi na hakuna aliyejifunza kuandika. Ni ugonjwa uleule wa kumfanya kila kiranja wa usafi awe wa kike.

Kuna mafunzo ya uongozi ya siku tatu hotelini wakati wa likizo, kwa watoto wa miaka 11 hadi 14, na cheti wanapewa. Yanafaa? (Baba, Mwanza)

Cheti utakipata. Kama shule yake ina Skauti au Girl Guides, mpeleke huko kwanza. Wale wanagawanywa katika vikosi vidogo, mkubwa wao ni mtoto mwenzao, na ugali ukiungua kambini wanaula wao wenyewe.

Kijana wangu wa gredi ya 7 anagombea uongozi wa shule. Wenzake wamechapisha mabango na wanagawa peremende. Nami nimnunulie? (Mzazi, Mombasa)

Hapana. Wazazi wanaochapisha mabango wanagombea wao. Mwanao aandike mambo mawili anayoweza kuyafanya bila hela ya mtu, tuseme foleni ya bomba la maji na mpira wa mapumziko kufika kwa wadogo pia, kisha ayaseme mstarini kwa dakika moja.

Niko kidato cha kwanza. Naogopa kuongea mbele za watu. Siwezi kuwa kiongozi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Wewe ndiye niliyetaka kumjibu tangu mwanzo. Zamani nilipeleka darasa la watoto hamsini shambani na majembe tisa. Kaka mkuu alipiga kelele robo saa, watoto wakazidi kugombania majembe. Mvulana mmoja, ambaye darasani sikuwahi kumsikia akijibu swali, akachukua kijiti, akachora matuta mchangani, akaweka watano kwenye kila jembe: mmoja analima, mmoja anavunja mabonge, watatu wanapanda, ukifika mwisho wa tuta mnabadilishana. Watano waliobaki akawatuma maji. Hakupandisha sauti hata kidogo. Tulimaliza kabla ya kengele ya saa sita.

Kwa hiyo anza na kitu cha mikono. Omba kupanga zamu za bustani, au kutunza mipira na kuhesabu inayorudi. Kwenye rede, ule mchezo wa wawili kurusha mpira kumlenga aliye katikati, ukiwa mrushaji, mwenzako wa upande wa pili anajua utatupa lini bila kuambiwa, sivyo? Kuongea mstarini kutakuja, na kukichelewa, mwombe rafiki yako asome ulichokiandika wewe.