Nyinyi wa Karungu, kabla mniletee drafti

Nimesoma drafti zenu za mapigano ya Karungu, ile ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jameni wadogo zangu, ni makosa yaleyale ya kila mwaka. Nawapenda lakini mnanimaliza. Wacha niseme mara moja.

1. Kwanza ni ziwa gani? Kuna mwenye ameandika ati Waingereza walibeba zile boti zao Mimi na Toutou nchi kavu wakazileta Ziwa Victoria. Hiyo ni Tanganyika bana, huko ndiko ziliikamata meli ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915. Mwingine amechanganya zile meli mbili za Wajerumani, akina von Wissmann: Hermann ilikuwa Ziwa Nyasa, ikapigwa na Gwendolen ya Waingereza Agosti 1914 ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha hata hajasikia kuna vita, na Hedwig ndiyo ya Tanganyika, ikazamishwa Februari 1916. Yetu ya Karungu ni Ziwa Victoria, Septemba 1914. Wajerumani wameingia kutoka upande wa Shirati, wamepigana Kisii tarehe 12, meli ya Waingereza Winifred inatumwa Karungu inakutana na Muansa, tagi (meli ndogo ya kuvuta nyingine) ya Wajerumani, inageuza, halafu inarudi na tagi ya Waingereza, Kavirondo, na Muansa inajiondokea. Basi. Sasa wewe mwenye umejaza ghuba damu, umeitoa wapi?

2. Mkitafuta kwa makavazi na katalogi, tafuteni majina kwa kila tahajia, Muansa, Mwansa, Mwanza, Schirati, Shirati, na mkiandika Kavirondo peke yake mtaletewa ghuba, wilaya na watu kabla mpate tagi.

3. Hesabuni mashahidi, msihesabu vitabu. Hapa ndio niliumia. Nilisimama mbele ya paneli na tai ya kuazima nikasema kwa sauti ya mtu amesoma, "vyanzo vitatu vinakubaliana." Nilikuwa nimevipanga vizuri kwa slaidi, na rangi. Mama mmoja wa paneli, mpole sana, akaniuliza, na kati ya hao watatu ni nani alikuwa Karungu siku hiyo? Nikacheka, nikadhani ni utani. Akangoja. Nikaanza kufungua futnoti pale mbele ya watu, cha tatu kinanirudisha kwa cha pili, cha pili kwa cha kwanza, na cha kwanza kinategemea historia rasmi ya Waingereza iliyotoka 1941, miaka karibu thelathini baada ya kisa, na hata hiyo ni juzuu moja tu inaishia Septemba 1916, ya pili haikutoka. Kumbe nilikuwa na mtu mmoja amevaa kofia tatu. Na ubaya zaidi, sentensi yenyewe ilikuwa karibu neno kwa neno kwa vyote vitatu, nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikifurahi ati ona vile wanakubaliana! Yule mama hakuniongezea neno, aliandika tu kitu kwa karatasi yake, na mimi nikatoka pale nikipitia mlango wa nyuma. Kwa hivyo nikikuuliza "nani aliona?" usiniambie jina la profesa.

4. Wazee. Ukienda Karungu au Muhuru usianze na "Jaduong', ile meli Winifred ilipigwa?" atakubali tu kwa heshima, na wewe utaandika "imethibitishwa". Uliza alisikia nini kuhusu meli, kutoka kwa nani, halafu nyamaza. Mimi mzee mmoja alinipeleka hadi vile mji wa Kisii uliporwa Wajerumani walipoondoka na vile serikali ikaja kuadhibu Wagusii, sikuwa nimeuliza, na ndio ilikuwa bora kuliko maswali yangu yote.

5. Ripoti za wilaya ziko Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, za London ombeni mafaili ya WO 95 (shajara za vita za jeshi) na CO 533 (barua za wizara ya makoloni).

6. Mkiona kitabu kinasema Sybil, meli nyingine ya Waingereza ziwani humo, ilizama, kishukuni chote: iligonga mwamba Novemba 1914 ikapandishwa ufuoni Majita, na 1915 ikaokolewa.

Na msinikimbilie shambulio la Bukoba, mji wa Wajerumani ng'ambo ya ziwa. Najua ni rahisi, jeshi lilitoka hapa Kisumu Juni 1915, Selous yule mwindaji na mwandishi maarufu alikuwemo, na watu wa aina hiyo hupenda kuandika. Karungu hakukuwa na mtu maarufu. Kulikuwa na wachochea makaa na mabaharia wa ziwa, na majina yao mimi sijaona popote. Mwenye atapata orodha ya wafanyakazi wa Winifred ya 1914, hata kipande kimeliwa na mchwa, anipigie mimi kabla ya sapavaiza wake.