Kabla Hujapanda Ngazi na Brashi, Kaa Barazani

Mchoro wetu wa kwanza wa ukutani dhidi ya ubaguzi wa rangi ulikuwa wa mikono mitano ya rangi tofauti, imeshikana, na chini yake maneno makubwa: SOTE NI WAMOJA. Tulimaliza kwa siku mbili, tukapiga picha, tukaenda zetu. Wiki tatu baadaye mikono yote ilikuwa imefunikwa na mabango ya mganga wa kurudisha mapenzi, na hakuna jirani aliyenung'unika. Angenung'unikia nini? Hatukumuuliza mtu.

Mtaa wenyewe uko Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni. Kengele iliyoupa mahali pale jina ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Vizazi vyao vipo hadi leo, na wapo majirani ambao wakikasirika huwaita "watoto wa watumwa". Kwa hiyo mtu akiniambia ubaguzi wa rangi ni mambo ya Ulaya na Marekani, mimi hucheka. Hapa petu tuna golo, tusi la kumdharau mtu mweusi, tuna mshenzi, tuna mwarabu koko, na tuna posa zinazokataliwa kwa sababu ya nywele.

Mara ya pili tulianza na birika la kahawa na kashata. Mwezi mzima, kila Ijumaa baada ya alasiri, swali moja tu: umewahi kuitwa neno gani likakuuma? Mzee mmoja wa asili ya Kihindi alisema babu yake alizaliwa Makadara, hapa hapa Mombasa, yeye kazaliwa Makadara, na bado anaulizwa atarudi kwao lini. Kijana mmoja alitaka matusi yote yaandikwe ukutani kisha yakatwe kwa rangi nyekundu. Nilikataa. Mtoto anayejifunza kusoma atalisoma tusi kwanza, mkato ataujua baadaye.

Akina mama ndio waliotuokoa: wakasema chora kanga. Pindo kuzunguka ukuta, nyuso zetu katikati kwenye mji, na jina, yaani msemo wa kanga, chini. Basi jina likawa kazi kuliko rangi. Bibi mmoja akatoa "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", yaani aendaye nyuma na mbele ya chombo mwisho hurudi tumboni mwake, nikaona tumepata, maana nani Mombasa ambaye wazee wake hawakufika kwa chombo? (Wengi, kumbe, Mmijikenda mmoja alinikumbusha kwamba wazee wake walitoka Kaya, makazi yao ya kale ya msituni.) Ndipo mama mmoja wa ukoo wa Frere Town akasema polepole, "Ngamani ndiko walikofungiwa babu zetu." Tukanyamaza. Tuliishia "Mtu ni watu", ambalo halikumfurahisha mtu sana wala halikumwumiza yeyote.

Mambo ya kazi yenyewe ni mafupi. Pata ruhusa ya mwenye ukuta kwa maandishi. Ukiwa Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi, usiguse kitu kabla ya kuonana na watu wa Makumbusho ya Taifa. Na chumvi ya pwani haina huruma: kwangua, osha, acha ukuta ukauke kabisa, piga praima, ile rangi ya msingi, la sivyo rangi itachubuka kabla ya mwaka.

Ila nyuso ndizo zilizonifunza. Watoto walizoea kuiita penseli ya pinki "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani, sijui. Tukawapa nyekundu, manjano, nyeupe na buluu kidogo, kila mmoja akoroge yake huku ameweka mkono kando ya kopo. Msichana mmoja alikoroga kwa saa nzima, akapata hudhurungi yake barabara. Jioni mama yake akaja: "Mbona mwanangu mmemfanya golo?" Nilimjibu kwa ukali, mbele ya watu. Hilo ndilo kosa ninalojutia. Wazee tuliwaita kahawa. Wazazi wa wachoraji wenyewe hatukuwaita hata siku moja.

Msichana hakurudi tena. Uso wake bado upo, wa tatu kutoka kushoto, na mama hupita pale kila siku akienda dukani. Masika yakiisha tutapaka upya. Nimeshamwendea nyumbani mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza tulizungumza mlangoni, ya pili nilipewa chai.