Re: Redio za wilayani zina faida gani siku hizi?

Mkuu umeuliza redio ya wilayani ina faida gani wakati BBC ipo na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ipo. Mi nakujibu kwa mfano mmoja tu, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na hilo nchi nzima tulilisikia kwenye tivii. Sawa, ila tivii haikwambii kata yako fomu zinachukuliwa wapi, mwisho lini, na afisa maendeleo ya jamii anapatikana siku gani. Mamdogo wangu alikuwa anakaanga maandazi asubuhi, redio yake ndogo imening'inia kwenye msumari ukutani, akasikia tangazo la kata yetu akaacha karai jikoni akaenda kuwagongea wenzake wa kikundi, wakawahi. Jirani yetu anayefuatilia vita vya Ukraine kila siku hakujua chochote mpaka dirisha limefungwa.

Sisemi habari za dunia hazina maana, Ukraine ilipovamiwa 2022 mafuta ya kula na petroli vilipanda mpaka huku kwetu. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe, sasa yasiposomwa nani ataripoti zaidi ya mtangazaji wa hapohapo anayemjua mwenyekiti kwa sura? Dar hawaji kwa hilo mkuu.