Kabla ya Kununua Bunduki ya .244 Remington, Pima Msokoto wa Mtutu Wake

Msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia huku Marekani, wenzangu wanaoanza kuwinda huniuliza kuhusu bunduki kuukuu za kampuni ya Remington, Model 722, zenye muhuri wa .244 (jina la risasi inayotumiwa nazo), ambazo mara nyingi huuzwa kwa bei iliyo chini ya ubora wake. Ninazo sababu nzuri za kuwaambia wanunue, kwa kuwa mimi mwenyewe nawinda na mojawapo, lakini huwasihi wapime kwanza msokoto wa mtutu. Huo ndio unaoamua bunduki itarusha nini, na ndio uliochangia sana kuifanya risasi hii isahaulike.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyopinda inayokizungusha kichwa cha risasi ili kiruke bila kuyumba. Mtutu wenye msokoto wa 12 hukizungusha mara moja kwa kila inchi 12, na wenye msokoto wa 9 hukizungusha upesi zaidi. Kadiri kichwa kilivyo kirefu, ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa upesi. Nasisitiza urefu, si uzito, ingawa kwa madini yaleyale na umbo lilelile viwili hivyo huongezeka pamoja.

Mwaka 1955 kampuni mbili zilitoa risasi zenye kipenyo kimoja cha inchi 0.243. Winchester ilibana shingo ya ganda la risasi ya .308 ikapata .243, na bunduki zake zikapewa msokoto wa 10. Remington ilichukua ganda la .257 Roberts, ambalo asili yake ni 7×57 ya Mauser, risasi ambayo mwindaji W. D. M. Bell aliitumia kuwinda tembo Karamoja, Uganda, nalo lilikuwa na nafasi kubwa kidogo ya baruti. Kwa nguvu, .244 haikupitwa. Hata hivyo Remington ilimlenga mtu anayepiga wanyama wadogo waharibifu wa mashamba kutoka mbali, ikachagua msokoto wa 12 na vichwa vya greni 75 na 90 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), ilhali Winchester iliuza pia vichwa vya greni 100 kwa ajili ya kulungu. Mwindaji aliyetaka bunduki moja ya kazi zote mbili akaenda Winchester. Remington ilibadili mitutu yake ikawa ya msokoto wa 9, na mwaka 1963 ikaipa risasi ileile jina jipya la 6mm Remington, lakini .243 ilikuwa imekwisha kujaa madukani. Kwangu mimi hukumu ile haikuwa ya haki, kwa sababu greni 90 zilizolengwa vizuri nyuma ya bega humwangusha kulungu wa mkia mweupe bila shida yoyote.

Kwa kuwa baadhi ya mitutu ya mwisho yenye muhuri wa .244 ilikwisha kupata msokoto wa 9, usiuamini muhuri. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kisha ingiza ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka kwa uhuru, ukiwa na kitambaa kinachobana. Weka alama juu ya ufito mahali unapoingilia, usukume taratibu hadi alama izunguke na kurudi juu, halafu pima umbali uliosogea. Rudia mara kadhaa, kwa sababu kitambaa kikiteleza kipimo hudanganya.

Ukishajua msokoto, tumia kanuni ya Alfred George Greenhill, mwanahisabati wa Woolwich, Uingereza, aliyoiunda mwaka 1879. Kwa kipenyo hiki na mwendo wa kasi wa risasi za leo, gawa 10.6 kwa urefu wa kichwa kwa inchi; jibu ndilo msokoto wa polepole zaidi unaokitosha. Kichwa cha inchi 0.8 hutoa jibu la 13, hivyo msokoto wa 12 unakitosha. Cha inchi 0.95 hutoa 11, na hapo msokoto wa 12 haufiki. Bunduki yangu inathibitisha hesabu hiyo: vichwa vya greni 75 hutoboa matundu yaliyo karibu karibu katika yadi 100, lakini greni 100 zenye ncha kali hutoboa karatasi matundu marefu, dalili kwamba kichwa kimefika kikiwa ubavu.

Risasi za 6mm Remington zinazouzwa zikiwa zimejazwa kiwandani ni haba, na baadhi ni za greni 100, ambazo huingia kwenye chemba (sehemu ya mtutu inayopokea risasi) ya .244 bila kukuonya chochote. Mwenye msokoto wa 12 ajizoeze kujaza risasi mwenyewe na achague vichwa vifupi vyenye madini ya risasi (lead). Vichwa vya shaba tupu ni virefu zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo anayewinda California, ambako tangu Julai 1, 2019 hairuhusiwi kuwinda kwa risasi zenye madini hayo, atafute mtutu wa msokoto wa 9 au anunue .243.