Singida ukame, Rufiji mafuriko: ni tabianchi ileile?

SWALI: Mimi nalima alizeti na mtama Singida, dada yangu ameolewa Rufiji. Mimi nimeunguliwa na jua shambani, yeye mwaka 2024 shamba lake lote lilikwenda na maji. Redioni yote mawili wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Inakuwaje jambo moja lilete ukame huku na mafuriko kule? Na ni kweli chanzo ni sisi tunaochoma mkaa?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na mkaa, maana naona ndio unaokuumiza roho.

Joto la dunia limepanda hasa kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa tangu enzi za viwanda, kwanza Ulaya na Marekani, baadaye China na wengineo. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280; leo zimepita 420. Mchango wa Tanzania katika gesijoto za dunia, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoshika joto, haufiki asilimia 1. Tanuri lako halikuleta joto hili. Ila usishangilie mapema: kwa hesabu za serikali tunapoteza zaidi ya hekta laki nne za misitu kila mwaka, na mlima uliovuliwa miti haushiki maji. Mvua itanyesha vilevile, lakini itashuka kwa pupa na kuondoka na udongo. Kwa hiyo joto tumeletewa, lakini mmomonyoko ni wa kwetu.

Sasa ukame na mafuriko. Joto linapanda nchi nzima, ila mvua ina mambo yake. Kaskazini, pwani ya upande wa kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria hupata misimu miwili, vuli na masika, kwa sababu ukanda wa mvua hulifuata jua na kupita juu yao mara mbili. Ninyi wa Singida, pamoja na Dodoma, Tabora na mikoa ya kusini, mna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukiharibika, hamna wa pili wa kuwafidia.

Halafu kuna Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hufurika, hasa kaskazini. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023; huo wa mwisho ndio mwaka ambao tope la Mlima Hanang liliivamia Katesh tarehe 3 Desemba na kuua watu zaidi ya 80. Mambo yakigeuka, mvua hutukimbia: mwaka 2022 ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa wingi Longido na Simanjiro, na Mto Ruvu ukapungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji.

Kupishana huku ni kwa zamani. Joto limekuja kuzidisha kupishana huko. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa hiyo hunyonya unyevu shambani kwako upesi zaidi mvua inapokatika, na inapoamua kunyesha, hushusha mzigo mkubwa kwa mara moja. Kwa hiyo ndiyo, kiu yako na mafuriko ya dada yako vinachochewa na joto lilelile.

Kwa dada yako kuna la ziada. Maji yaliyomfikia hayakunyesha mlangoni kwake peke yake. Bonde la Rufiji ni karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara: mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote humwagika humo, na hata maji ya Manyoni, mkoani kwenu, hushuka kupitia Mto Kizigo. Warufiji wa zamani waliyajua hayo. Mafuriko yalipopungua walipanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye tope lenye rutuba, wakala mpaka msimu mwingine. Mwaka 1968 serikali ilianza kuwahamishia vijiji vya juu, na wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhama nao. Hatari ya leo ni kwamba maji yanakuja nje ya kalenda waliyoizoea, mazao yakiwa bado shambani.

Hata hivyo nina ugomvi na wenzangu wanaobebesha tabianchi kila kitu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na sababu kubwa ilikuwa maji kuchepushwa kwa mashamba ya bonde la Usangu, Mbeya. Kilimanjaro nako, barafu imeshuka kutoka kilomita za mraba kama 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 karne hii, lakini mifereji ya Wachaga hutegemea zaidi mvua na ukungu wa msitu kuliko barafu. Anayewasha moto msituni anawakausha kuliko barafu inavyoweza. Kama unataka mfano ambao joto lenyewe ndilo mshtakiwa, nenda Paje na Jambiani, Zanzibar. Maji ya pwani yamepata joto, mwani wa kotonii unaolipa vizuri ukafa, akina mama wakabaki na spinosum, aina nyingine ya mwani, wa bei ya chini. Kotonii sasa inataka maji ya kina, na kule kunahitaji mashua na kujua kuogelea.

Kwako Singida, usipande kwa manyunyu ya kwanza. Chimba: unyevu ukiwa umeishia juu juu, subiri. Chagua mbegu ya alizeti inayokomaa mapema, kwa kuwa jua la katikati ya msimu ndilo linalowamaliza, na mtama usiuache hata kama alizeti ina soko. Fuatilia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha ule wa siku kumi, maana wa msimu hausemi mvua itakatika lini. Dada yako mwambie asiulizie mvua ya Rufiji tu. Asikilize imenyesha vipi Iringa na Morogoro, maji yake yanakotoka.